"Pesa ya nyoka hatupokei": nyoka wa mjukuu na hofu yetu sisi wamama



Juma hili tunazungumza juu ya mnyama ambaye wengi wetu tulikatazwa kumtaja jina usiku. Wakubwa wetu walisema, "Ukimwita atakuja," basi tukajifunza kumwita kamba. Leo tutamwita kwa jina lake: nyoka. Hatukuchagua habari hii kwa kuipenda. Tumeichagua kwa sababu nyoka mmoja, ambaye hajawahi kufika Kongo hata siku moja, nusura avunje kikundi chetu cha likelemba.

Picha kutoka Montréal

Kati yetu kuna mama mzee, mjane, ambaye ameuza sambaza sokoni tangu watoto wake wakiwa wadogo. Biashara hiyo ndogo ndiyo iliyowasomesha. Leo binti yake mkubwa anaishi Montréal, nchini Kanada, pamoja na mume wake na watoto wao watatu. Kila mwezi binti humtumia mama yake dola chache, na katika dola hizo mama mzee hutoa mchango wake wa likelemba. Tuko wamama 14. Kila mmoja hutoa dola 10 kwa mwezi, na mmoja wetu hupokea zote 140 zamu yake inapofika. Kwa pesa hizo tumelipa karo za watoto, tumetengeneza paa za nyumba, tumezika wafu wetu kwa heshima.

Miezi miwili iliyopita, mama mzee alipokea picha kwenye simu. Mjukuu wake wa pili, mvulana wa miaka 9, ameketi kwenye kiti, anacheka mpaka pengo la meno linaonekana. Shingoni amevaa nyoka, mwenye rangi ya kahawia na manjano, mnene kama mkono wa mtu mzima.

Mama mzee aliitupa simu kitandani na kutoka nje. Baadaye alimwonyesha jirani ili apate shauri. Jirani aliomba atumiwe picha ile. Kabla ya jua kuzama picha ilikuwa imezunguka avenyu nzima, na maneno yalikuwa yameitangulia. "Kumbe ndiyo maana dola hazikosekani pale." Nyinyi wasomaji mnajua hadithi za nyoka anayefichwa chumbani na kutapika pesa usiku. Tumezisikia sokoni, tumezisikia kwenye sinema, wengine tumezisikia hata katika mahubiri.

Siku ya posho ya mwisho wa mwezi, mama mzee alikuja kama kawaida na kuweka dola zake 10 mezani. Mmoja wetu akasema, "Pesa ya nyoka hatupokei." Mwingine akasogeza kiti chake mbali naye. Mtunza sanduku hakuigusa pesa. Mama mzee aliichukua, akaifunga katika ncha ya kitenge chake, akaenda bila kusema neno.

Na sisi wengine tulinyamaza. Tunaandika hilo kwa haya. Hakuna kati yetu aliyesema, "Ngojeni kwanza." Wote tunajua maneno ya ulozi yanavyoanza hapa kwetu, na tunajua yanavyomalizika, hasa yakimwangukia mwanamke mjane aliyezeeka na asiye na mtu wa kumtetea. Yanaanza kwa kiti kimoja kusogezwa.

Maswali mawili

Baada ya siku tatu, watatu wetu tulikwenda kwake. Tulimkuta akichambua sombe peke yake. Alitupatia viti, akatuambia kwamba simu za binti yake hazipokei tena. "Mtoto wangu amempa shetani mtoto wake," alisema. Ndipo tukaelewa kwamba vitu viwili vimevunjika kwa wakati mmoja: mama huyu na sisi, na mama huyu na mwana wake.

Tulirudi na maswali mawili. La kwanza: yule nyoka wa kwenye picha ni nyoka gani, na kwa nini hamumi mtoto? La pili: hofu hii yetu, iliyo kubwa namna hii, inatoka wapi? Tulimpigia simu binti wa Montréal, tukauliza wenye kujua, tukasoma. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Nyoka anayejikunja kama ndazi

Binti alitueleza huku akilia na kucheka. Nyoka yule ni chatu mdogo, anayeitwa kwa Kifaransa python royal. Mtoto wake amempa jina Ndazi, kwa sababu anaposhtuka hafanyi vita wala hafukuzi mtu. Anajikunja kama mpira na kuficha kichwa chake katikati, na hapo anafanana kweli na ndazi la sokoni.

Chatu huyu ni Mwafrika kama sisi. Kwao ni kwenye nyasi na kingo za misitu, kuanzia Senegali upande wa magharibi hadi Uganda. Si yule chatu mkubwa wa pori anayemeza mbuzi. Huyu mdogo hufikia mita 1 au mita 1 na nusu. Hana sumu. Hukamata panya na ndege wadogo, huwabana kwa mwili wake, kisha huwameza. Mtoto wa mtu hawezi kuwa chakula chake.

Nchini Benin, katika mji wa Ouidah, kuna nyumba ambamo chatu wa aina hii hutunzwa kwa heshima kubwa. Wakitoka usiku na kuingia katika nyumba za watu, hakuna anayewaua, bali wenyeji huwachukua kwa mikono na kuwarudisha. Nyumba hiyo inatazamana na kanisa kubwa la Wakatoliki, na njia ni moja. Hatusemi hivyo ili tuige ibada ya watu wengine. Tunasema tu kwamba katika Afrika hii hii yetu, kuna mama anayemkuta nyoka huyu jikoni na kumtoa nje kama sisi tunavyomtoa kuku aliyeingia nyumbani.

Kutoka Benin, Togo na Ghana, chatu hawa wamepelekwa kwa wingi Ulaya na Marekani, ambako watu huwafuga nyumbani. Huko sasa wengi huzaliwa mikononi mwa wafugaji, wala hawajui pori. Ndazi ni mmoja wao. Anakaa katika sanduku la kioo lenye kufuli. Upande mmoja una joto kama la kwetu Uvira mchana, upande mwingine una ubaridi kidogo, naye anachagua mwenyewe. Anakula panya mmoja kwa juma moja au mawili, tena panya aliyekwisha kufa, aliyenunuliwa akiwa amegandishwa na barafu.

"Mama anafikiri nyoka ananipatia pesa," binti alisema. "Mwambieni nanunua panya. Nanunua taa ya joto. Umeme nalipa. Huyu nyoka hatapiki pesa, anazila!" Tulicheka sana. Lakini tulipomaliza kucheka tuliona kwamba neno hilo lilikuwa na uzito. Binti yule huamka saa kumi za usiku kwenda kuosha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee. Dola zile 10 tulizozikataa zilikuwa jasho la mgongo wake.

Jambo moja lililotugusa kama wazazi ni namna jike la chatu huyu linavyolea mayai. Hutaga machache, mara nyingi yasiyofika 10, kisha hujizungusha juu yake na kukaa hapo karibu miezi miwili, na muda huo kwa kawaida hali. Mwaka 2020, katika bustani ya wanyama ya Saint Louis, Marekani, jike mmoja anayekadiriwa kuwa na miaka zaidi ya 60 alitaga mayai 7, ingawa hakuwa amekaa na dume kwa miaka mingi. Mmoja wetu aliposikia hayo alisema, "Huyo naye amefanya kazi, apumzike."

Upole wake ni upole gani?

Hapa tunataka kuwa wakweli, kwa sababu mzazi anayedanganywa hawezi kulinda mtoto.

Nyoka hampendi mtu kama mbwa anavyompenda. Hakumbuki fadhili, haji akiitwa, hafurahi ukirudi kutoka sokoni. Upole wa chatu mdogo ni kwamba ana haya, anakwenda polepole, na akizoea kushikwa haoni mtu kuwa adui. Anakaa shingoni mwa mtoto kwa sababu pale pana joto, wala hana nia ya kumbana. Akishikwa vibaya au akisikia harufu ya panya mkononi anaweza kuuma. Meno yake ni madogo na mengi, damu itatoka kidogo, na kidonda kitaoshwa kwa maji na sabuni. Sumu hakuna.

Kuna sheria ambazo binti ameziweka nyumbani mwake, nasi tumezipenda. Mtoto hamshiki nyoka bila mtu mzima kuwapo. Kila anayemgusa huosha mikono kwa sabuni, kwa sababu ngozi ya nyoka na uchafu wake hubeba vidudu vya salmonela vinavyoleta kuhara na homa. Mtoto wake wa mwisho, mwenye miaka 3, haruhusiwi kumgusa kabisa, maana waganga wa huko husema watoto wa chini ya miaka 5 wasiguse wanyama wa namna hiyo. Na sanduku hufungwa kila usiku.

Sheria hiyo ya mwisho ina sababu. Mwezi wa nane mwaka 2013, katika mji wa Campbellton, nchini Kanada, watoto wawili ndugu, wa miaka 4 na 6, walikufa wakiwa wamelala. Aliyewaua alikuwa chatu mkubwa wa Afrika aliyetoroka kutoka mahali alipofungiwa katika jengo hilo. Yule ndiye chatu wetu wa porini, anayeweza kupita mita 4, mwenye nguvu na hasira. Hakupaswa kuwa karibu na watoto. Basi mama mzee hakukosa akili alipoogopa. Alikosa tu mtu wa kumwambia kwamba chatu na chatu hawafanani, kama vile paka wa nyumbani na chui hawafanani.

Mtoto husoma uso wa mama

Sasa swali la pili: hofu inatoka wapi?

Wengi wetu tulisema, "Ni ya kuzaliwa nayo." Lakini wataalamu waliochunguza jambo hili wamepata kitu kingine, chenye maana kubwa kwa wazazi. Miaka ya 1980, huko Marekani, walichunguza nyani wadogo waliolelewa ndani, wasiojua pori. Nyani hao hawakumwogopa nyoka. Lakini walipomwona nyani mwingine akishtuka na kurukaruka mbele ya nyoka, walijifunza kuogopa upesi sana. Na jambo la ajabu zaidi: nyani waliotangulia kumwona mwenzao akitulia mbele ya nyoka, wengi wao hawakupata hofu hata walipomwona mwingine akishtuka baadaye. Utulivu waliouona kwanza uliwakinga, kama chanjo.

Mwaka 2002, wataalamu wa Australia walifanya jaribio kama hilo kwa wanadamu. Waliwaonyesha watoto wa mwaka mmoja na miezi michache nyoka wa mpira, mchezo tu wa duka, huku mama wa kila mtoto akitazama. Mama alipokunja uso kwa hofu na chuki, mtoto alikimbia mchezo ule. Mama alipotabasamu, mtoto aliukaribia. Na hata baadaye, mama alipokuwa ameacha kukunja uso, mtoto alikumbuka.

Inaonekana wanadamu tumeumbwa na jicho linalomwona nyoka upesi kuliko vitu vingine, na hilo ni jema, linatuokoa. Lakini namna ya kuogopa tunafundishwa: kukimbia ovyo, kupiga kelele, kuua kila kinachotambaa, kumwona nyoka kuwa mtu aliyetumwa. Na mwalimu wa kwanza ni sisi. Mtoto aliye mgongoni hajui neno, lakini anausikia moyo wa mama unavyopiga.

Kama hofu imefundishwa, inaweza pia kupunguzwa. Mwaka 1969, mtaalamu Albert Bandura na wenzake huko California waliwasaidia watu wazima walioogopa nyoka mpaka wakashindwa kufanya kazi zao kwa amani. Hawakuwahubiria wala kuwacheka. Mtu alitazama kwanza mwenzake akimshika nyoka asiye na sumu. Kisha alikaribia hatua moja. Kisha aligusa kwa mkono uliovaa glavu, akishikwa mkono na mwenzake. Kisha mkono mtupu. Karibu wote waliofuata hatua hizo walimshika nyoka mwishowe. Siri ilikuwa kwenda polepole na mtu unayemwamini.

Ndani ya foronya

Tulifikiri juu ya hatua hizo, tukamwendea papa mmoja, mwalimu wa biolojia katika shule ya sekondari, ambaye amesomea mambo ya wanyama watambaao. Kwetu Kivu elimu hiyo si ngeni: kule Lwiro, katika teritwari ya Kabare, kipo kituo cha utafiti tangu mwaka 1947, na nyoka ni kati ya wanyama wanaochunguzwa pale. Tulimwomba aje kwenye mkutano wetu. Tulimwomba pia mama mzee aje. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu alisema, "Nitakaa karibu na mlango."

Mwalimu alikuja na foronya ya mto iliyofungwa kwa kamba. Ndani yake alikuwamo nyoka wa nyumbani, wa rangi ya kahawia, mwenye mistari myeupe miwili usoni ikipita jichoni. Ni yule tunayemkuta mara nyingi karibu na ghala au jikoni, na ambaye sote tumewahi kumuua au kuona akiuawa. Mwalimu alisema, "Mamangu, huyu mnayemuua ndiye anayekula panya wanaokula mahindi yenu." Hana sumu. Anafuata panya, hafuati mtu.

Wanne walitoka nje mara moja. Hakuna aliyewacheka, tulikuwa tumepatana hivyo. Wengine tulitazama kutoka ukutani. Mwalimu hakumlazimisha mtu. Alikaa chini na nyoka mikononi, akatueleza kwamba ulimi ule unaotokatoka hauchomi, ndio pua yake, kwa huo ananusa. Kwamba hana kope, ndiyo maana anaonekana kama anakukazia macho. Kwamba hana masikio ya nje, lakini anahisi mtikisiko wa hatua zetu kwenye ardhi, na mara nyingi anaondoka kabla hatujamwona.

Baada ya nusu saa, mtunza sanduku alinyosha kidole kimoja na kugusa mgongo wa nyoka. "Ni mkavu!" alisema kwa mshangao. Sote tulidhani nyoka ana utelezi kama samaki. Mwingine aligusa, na mwingine. Yule aliyesema "pesa ya nyoka hatupokei" aligusa kwa kitenge kwanza, kisha bila kitenge, na akaanza kulia. Alisema amemuogopa nyoka tangu alipokuwa na miaka 6, siku dada yake mdogo alipoumwa shambani na kufa kabla ya jioni. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua habari hiyo, na tumeketi naye miaka 11.

Mama mzee hakugusa. Lakini alikuwa ameondoka mlangoni na kusimama nyuma yetu.

Hofu ya kutunza

Kilio kile kilitukumbusha kwamba hatupaswi kuondoka kwenye mkutano tukifikiri nyoka wote ni Ndazi. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linasema kuna aina zaidi ya 3,000 za nyoka duniani. Karibu 600 wana sumu, na zaidi ya 200 ni hatari kubwa kwa mtu. Katika misitu na mashamba yetu wapo hao wa hatari: kifutu, ambaye wengine humwita piri, mnene na mvivu, anayelala njiani bila kusogea, fira, anayeinua kichwa na kutanua shingo, na yule wa kijani wa mitini mwenye sumu kali. Kila mwaka duniani watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kwa kuumwa na nyoka, na wengi zaidi hubaki na viungo vilivyokatwa au kulemaa. Wengi wao ni wakulima na watoto, watu kama sisi. Ndiyo maana mwaka 2017 OMS iliweka jambo hili kati ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa.

Basi mwalimu alituachia maneno haya, nasi tunayaandika ili kila mama ayakate na kuyabandika ukutani:

Usimguse nyoka wa porini, hata akionekana mdogo, mpole au mfu. Mtoto naye afundishwe hivyo: asimame, arudi nyuma polepole, aite mtu mzima. Asirushe jiwe. Wengi huumwa kwa sababu wamemkanyaga nyoka au wamejaribu kumuua.

Nyumbani, fyeka nyasi karibu na mlango, ondoa takataka zinazoleta panya, weka kuni mbali na mahali pa kulala. Usitie mkono ndani ya shimo au chini ya kuni bila kutazama. Usiku tembea na taa na viatu. Chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro huzuia mbu, na huzuia nyoka pia.

Mtu akiumwa, mtulize. Vua pete, bangili na viatu, maana kiungo kitavimba. Funga mguu au mkono kwa ubao na kitambaa ili usitikisike, kama unavyofanya kwa mfupa uliovunjika. Mbebe, asitembee, asikimbie. Mpeleke hospitali mara moja, hata kama haoni maumivu makali.

Usikate kwa wembe. Usinyonye kidonda. Usifunge kamba ya kukaza damu, kwa sababu watu wamepoteza miguu yao hivyo. Na jiwe jeusi, ambalo wengi wetu tunalo katika sanduku la nyumba, halivuti sumu. Tunajua tunawahuzunisha wengine kwa kusema hivyo, maana lilitoka kwa wazee wetu na kwa watu wa misheni tuliowaheshimu. Mara nyingi mgonjwa hupona nalo kwa sababu nyoka yule hakuwa na sumu, au aliuma bila kutoa sumu. Lakini aliyepata sumu kweli, kila saa anayolala na jiwe mguuni ni saa inayomkaribisha kaburini. Dawa inayoshinda sumu ya nyoka ni serumu ya hospitali.

Na hapa tuna kazi ya kikundi. Serumu hiyo haipatikani kila mahali. Tusingoje mtoto aumwe ndipo tuulize. Juma hili kila mama aulize katika kituo cha afya cha kwao: serumu ipo? Kama haipo, iliyo karibu iko hospitali gani, na usiku mtu hufikaje huko? Tuletee majibu kwenye mkutano, tutayaandika yote hapa.

Na zile dola 10?

Mwalimu alipokwisha kufunga foronya yake, mmoja wetu alifungua simu na kumpigia binti wa Montréal. Kule ilikuwa asubuhi. Mvulana alikuja mbele ya simu na nguo za kulalia, akauliza, "Koko yuko?" Tukampa mama mzee simu. Alimtazama mjukuu wake muda mrefu. Kisha akauliza, "Huyo mdudu wako, amekula?"

"Amekula jana, Koko."

"Na wewe, umekula?"

Hayo tu. Lakini tangu siku hiyo anapokea simu za binti yake. Amesema hatakaa chumba kimoja na Ndazi, hata akilipiwa ndege, na hakuna anayemlazimisha. Mtu anaweza kubaki na hofu yake bila kuigeuza kuwa mashtaka juu ya mwingine.

Sisi nasi tulikuwa na deni. Aliyesema neno lile la kwanza ndiye aliyesimama na kuomba msamaha mbele ya wote, na sisi tulionyamaza tuliomba msamaha baada yake. Kisha mtunza sanduku alinyosha mkono. Mama mzee alifungua ncha ya kitenge, ile ile, na dola 10 zilikuwa bado humo. Hakuwa amezitumia.

Zamu ya mama mzee kupokea ni siku ya posho ya mwisho wa mwezi huu. Atapata dola 140, kamili, na amesema atatengeneza mlango wa ghala lake la sambaza, ambao chini yake una nafasi. Tulipomuuliza kama anazuia nyoka, alijibu, "Nazuia panya. Panya wakikosa, huyo mwingine atakuja kufanya nini?"

Wamama, tufike wote siku hiyo, tena mapema.